Oksijeni tupu ndani ya Apollo: kosa lilikuwa wapi hasa?

Kila Januari ikikaribia kuisha watu wanaofuatilia mambo ya anga wanaanza tena kuzungumzia Apollo 1, chombo cha Wamarekani cha mradi wa kwenda mwezini kilichoungua na watu ndani mwaka 1967, na mjadala huwa unaenda kule kule. Upande mmoja unasema NASA, shirika la anga la Marekani, walifanya uzembe wa wazi, watu unawafungiaje ndani ya chombo kilichojaa oksijeni tupu wakati Warusi walikuwa wanatumia hewa ya kawaida tangu safari ya Gagarin, mtu wa kwanza kwenda anga za juu. Upande wa pili unasema hapana, teknolojia ilikuwa changa, uzito ulikuwa unabana kila kitu, na mtu wa leo hana haki ya kuwahukumu wale mainjinia. Mimi naona hizi pande zote mbili zinachanganya maswali mawili ambayo yalitakiwa yawekwe mbalimbali, yaani chombo kijazwe hewa gani kikiwa kule juu, na kijazwe hewa gani kikiwa bado kimesimama ardhini. Ukiyatenganisha haya, picha inabadilika kabisa, wa kwanza wanakuwa wamekosea kwenye swali la kwanza na wa pili wanakuwa wamekosea vibaya zaidi kwenye swali la pili.

Kwa wasioifahamu stori, kwa kifupi ni hivi. Ijumaa tarehe 27 Januari 1967, Cape Kennedy kule Florida, kwenye pedi (jukwaa la kurushia roketi) namba 34, wanaanga watatu, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, waliingia kwenye chombo chao saa 7 mchana kwa ajili ya testi. Haikuwa siku ya kuruka, roketi yao ya Saturn IB haikuwa hata na mafuta, na hilo ndo lilifanya testi isihesabiwe kuwa ya hatari, kwa hiyo maandalizi ya uokoaji yalikuwa madogo mno. Testi ikaenda kwa kusuasua mchana kutwa, Grissom akalalamikia harufu mbaya kwenye hewa ya suti yake, wakasimamisha kuchunguza, afu mawasiliano ya redio nayo yakaanza kusumbua wakasimamisha tena. Saa 12 na dakika 31 jioni ikasikika sauti kutoka ndani kwamba kuna moto. Ndani ya kama robo dakika presha ilikuwa imepanda hadi kabini ikapasuka. White alikaa kiti cha katikati, na kazi ya kufungua mlango ilikuwa yake, lakini ule mlango ulikuwa na tabaka tatu na la ndani kabisa lilikuwa linavutwa kuja ndani, kwenye mazingira mazuri tu ulihitaji si chini ya dakika moja na nusu. Mafundi waliokuwa nje wakapambana na moshi mzito, wakaja kufungua baada ya kama dakika tano. Wote watatu walikuwa wameshafariki, na kilichowaua hasa ni kuvuta gesi ya kaboni monoksidi.

Sasa namba ambayo watu wengi wanaipita haraka ni presha. Hewa tunayovuta hapa chini, usawa wa bahari, ina presha ya pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba (nitaandika pauni tu kuanzia hapa), na oksijeni ni kama asilimia 21 yake, yaani mchango wa oksijeni peke yake ni kama pauni 3.1. Chombo cha Apollo kikiwa angani kilipangwa kiwe na oksijeni tupu ila kwa presha ya pauni 5 tu. Maana yake mwanaanga anapata oksijeni zaidi kidogo ya anayopata mtu aliyesimama ufukweni, sio mara tano kama wengi wanavyodhani wakisikia asilimia 100. Ila jioni ile pale pedini hakikuwa kwenye pauni 5. Kilikuwa kwenye pauni 16.7, oksijeni tupu. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni zaidi ya mara tano ya oksijeni iliyopo kwenye hewa ya kawaida, na naitrojeni hakuna.

Naitrojeni kukosekana nako ni jambo zito. Naitrojeni haiungui wala haisaidii kuunguza, ila inakunywa joto. Moto kwenye hewa ya kawaida ni kama moto kwenye kuni mbichi, sehemu kubwa ya joto linapotea kwa kupasha kitu kisichowaka. Ukiitoa naitrojeni, joto lote linaenda kwenye kitambaa kinachofuata, na ukiongeza presha juu yake, vitu ambavyo kwa kawaida vinaungua taratibu na kujizima vinalipuka moto. Hata alumini inawaka kwenye hali hiyo. Kwa hiyo mtu akisema oksijeni tupu ni oksijeni tupu tu, tofauti iko wapi kati ya pauni 5 na 16.7, tofauti ndo hiyo.

Tuanze na swali la angani. Kwa nini oksijeni tupu?

Sababu ya kwanza ni uzito, na hapa naomba tuwe wakweli, haikuwa kisingizio. Chombo cha Mercury kilichowabeba Wamarekani wa kwanza kilikuwa na kama tani 1.35 tu, wakati Vostok ya Gagarin ilikuwa na kama tani 4.7. Roketi ya R-7 ya Korolev, mhandisi mkuu wa roketi za Warusi, ilitengenezwa kubeba bomu zito kwa hiyo ilikuwa na nguvu za kumwaga, Warusi waliweza kubeba kuta nene, matanki ya ziada na hewa ya pauni 14.7 kama ya chini. Wamarekani na roketi yao ya Atlas hawakuwa na nafasi hiyo. Ukijaza kabini pauni 5 badala ya 14.7, ukuta unahimili nguvu ndogo karibu mara tatu, unaweza kuufanya mwembamba. Hii ilikuja kuwa muhimu zaidi kwenye chombo cha kutua mwezini, ambacho baadhi ya sehemu za ukuta wake zilikuwa na unene wa kama milimita 0.3. Mwambie mtu ajaze chombo cha namna hiyo presha ya usawa wa bahari afu aone kitaongezeka kilo ngapi, na kila kilo iliyotua mwezini ilidai mafuta mengi sana kule nyuma.

Sababu ya pili ni urahisi, na urahisi kwenye chombo cha anga ni usalama wenyewe. Ukiwa na gesi moja, sensa ya presha peke yake inakwambia kila kitu, presha ikishuka unaongeza, basi. Ukiwa na gesi mbili lazima ujue kila moja iko kiasi gani, na sensa za kupima oksijeni miaka ya 60 mwanzoni hazikuaminika kihivyo. Ikidanganya, kabini inaweza kujaa naitrojeni huku presha ikionekana iko sawa, na mwanaanga anaenda zake bila kuhisi chochote, kwa sababu mwili wa binadamu unasikia kabonidioksidi ikizidi, hausikii oksijeni ikipungua. Na hili halikuwa la kufikirika tu. Tarehe 21 Aprili 1960 rubani wa majaribio wa kampuni ya McDonnell, G. B. North, alikuwa anajaribu mfumo wa hewa wa Mercury ndani ya chemba ya ombwe, hewa yenye naitrojeni nyingi na oksijeni kidogo ikapenya kutoka kwenye kabini ikaingia kwenye suti yake, akazimia na kuumia vibaya. Baada ya hapo NASA wakaegemea oksijeni tupu.

(Kwa sisi wa huku kuna kitu cha kukumbuka, kituo kimoja cha kufuatilia safari za Mercury kilikuwa Zanzibar, pale Tunguu, kikapokea mawimbi ya chombo cha John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuzunguka dunia, Februari 1962 kilipokuwa kinapita juu ya Bahari ya Hindi. Kikafungwa mwaka 1964 baada ya mapinduzi.)

Nani bado anadhani naitrojeni ni gesi ya upole aangalie kilichotokea tarehe 19 Machi 1981, wiki chache kabla shuttle (chombo cha NASA cha kutumika tena na tena) ya Columbia haijaruka mara ya kwanza. Chumba cha nyuma cha shuttle kilikuwa kimejazwa naitrojeni tupu ili kuzuia moto, mafundi wakaingia bila kujua, wakaanguka mmoja baada ya mwingine, wengine waliokimbilia kuwaokoa nao wakaanguka. Mmoja alifariki siku hiyo hiyo na mwingine baadaye. Hatua iliyochukuliwa kwa ajili ya kuzuia moto ndo ikaua watu. Naisema hii kwa sababu wanaolaumu oksijeni tupu huwa wanazungumza kana kwamba njia ya pili haikuwa na gharama yoyote, na haikuwa hivyo.

Sababu ya tatu naipenda kuliko zote maana ina mfano hai. Ukiishi kwenye hewa yenye naitrojeni kwa presha ya kawaida, damu na mafuta ya mwili yanakuwa na naitrojeni iliyoyeyuka. Ukishushwa presha ghafla inatoka kama mapovu, maumivu ya viungo, kupooza, hata kifo, ni ugonjwa ule ule unaowakuta wazamiaji wakipanda juu haraka. Suti ya anga lazima iwe na presha ndogo, vinginevyo mikono haikunjiki. Sasa linganisha safari mbili za mwaka 1965. Tarehe 18 Machi Mrusi Alexei Leonov anatoka nje ya Voskhod 2, chombo chenye hewa ya kawaida. Vifaa vya umeme vilipozwa kwa hewa ya kabini kwa hiyo kabini isingeweza kuachwa bila hewa, ikabidi kiundwe chumba cha kupitia cha kupulizwa kwa hewa, kinatupwa baada ya matumizi, na Leonov akavuta oksijeni kwanza kutoa naitrojeni mwilini. Suti ikamvimba akiwa nje, akashindwa kurudi ndani, ikabidi aishushe presha kwa mkono wake mwenyewe huku akijua kabisa kwamba hatari ya mapovu kwenye damu ipo. Tarehe 3 Juni Ed White anatoka nje ya Gemini 4, chombo cha Wamarekani kilichofuata baada ya Mercury. Yeye na mwenzake McDivitt wamekuwa kwenye oksijeni ya pauni 5 muda wote, suti ina pauni 3.7, wanatoa hewa ya kabini yote, wanafungua mlango, White anaenda nje. Mlango wenyewe ulisumbua, ila upande wa hewa hakukuwa na mambo mengi. Ndiye White yule yule wa Januari 1967. Gesi iliyomrahisishia kazi angani ndo iliyokuja kumuua akiwa amekaa chini kwenye pedi, na mimi kila nikifika hapa inaniuma.

Kwa hiyo angani hoja ilikuwepo, na nzito. Lakini isigeuke kuwa hoja ya kusema hakukuwa na dalili. Dalili zilikuwepo kibao na zilikuwa kwenye pauni 5 hizo hizo. Tarehe 17 Novemba 1962 kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, watu wanne walikuwa ndani ya chemba ya oksijeni tupu ya pauni 5, mmoja anabadilisha balbu, cheche ikatoka, moto ukashika nguo, wakachukua blanketi la asbesto kuuzima na blanketi lenyewe likaungua. Walitoka hai, wameungua. Miezi miwili kabla kulikuwa na moto mwingine kwenye chemba ya jeshi la anga kule Brooks, Texas. Halafu siku nne tu baada ya Apollo, tarehe 31 Januari 1967, pale pale Brooks wanajeshi wawili waliokuwa wanahudumia sungura wa utafiti kwenye chemba ya oksijeni waliungua wakafa. Hao wawili hawatajwi sana, hawakuwa wanaanga, ila kama unataka kujua ile gesi ilivyokuwa inachukuliwa kawaida miaka ile, kisa chao kinatosha.

Wanaotetea wanasema angani kulikuwa na namna ya kuzima, unavaa suti, unatoa hewa yote ya kabini nje, moto unakosa oksijeni. Ni kweli kwenye makaratasi. Ila kutoa hewa yote kunachukua muda, na moto kwenye oksijeni hausubiri uvae kofia na glovu. Pia kuna hoja kwamba kwenye hali ya kukosa uzito hewa moto haipandi juu kwa hiyo mwali unakosa hewa mpya na unadhoofika. Hii nayo ni kweli nusu, feni za kabini zinasukuma hewa muda wote na zinaulisha moto. Kwa hiyo mimi nasema angani ilikuwa ni hatari iliyochukuliwa kwa sababu zinazoeleweka, baada ya kulinganishwa na hatari nyingine. Unaweza kukataa uzani wao, lakini walipima.

Na kabla hatujaenda ardhini, hii ya "Warusi walikuwa sahihi tangu mwanzo" nayo inahitaji kuguswa. Tarehe 23 Machi 1961, siku 20 kabla Gagarin hajaruka, kijana wa miaka 24, Valentin Bondarenko, mmoja wa kundi la kwanza la wanaanga wa Kisovieti, alikuwa Moscow anamalizia siku zake za kukaa peke yake ndani ya chemba yenye presha ndogo na oksijeni nyingi. Akajifuta sehemu vilipobandikwa vifaa vya kupima mwili kwa pamba yenye spiriti, akaitupa, ikaangukia jiko la umeme. Chemba ikashika moto, nguo zikashika moto, na mlango haukufunguka haraka kwa sababu ya tofauti ya presha. Akafa hospitali saa chache baadaye. Kisa kikafichwa, kikaja kutoka kwenye gazeti la Izvestia mwaka 1986, miaka 25 baadaye. Oksijeni nyingi, kitu kinachowaka, mlango usiofunguka. Mambo matatu yale yale ya Apollo 1. Kuna watu wanasema kama Warusi wangelitangaza mapema pengine Grissom na wenzake wangepona. Hapo mimi naona wanatafuta mtu mwingine wa kulaumiwa, maana Wamarekani walishakuwa na moto wao wa kutosha kwenye chemba zao na haukubadilisha chochote. Na kwenye Voskhod 2 ile ile, baada ya Leonov kurudi mlango haukubana vizuri, mfumo wa hewa ukawa unafidia kwa kumwaga oksijeni ndani, kiwango kikapanda hadi cheche moja tu ingetosha. Chombo cha hewa ya kawaida kinaweza kugeuka chombo cha oksijeni bila wewe kuamua.

Sasa ardhini. Hapa ndo upole wangu unaishia.

Kwa nini pauni 16.7? Chombo kiliundwa kuhimili presha ya ndani ikisukuma nje, hakikuundwa kubanwa na hewa ya nje. Kwa hiyo pale pedini lazima ndani kuwe na presha zaidi ya nje kidogo, kama pauni mbili, ili uone kama kinavuja, ili hewa ya nje yenye naitrojeni isipenye ndani, na ili wanaanga wawe wameshaitoa naitrojeni mwilini kabla ya kupanda. Roketi ikipanda, hewa ya ziada inatolewa taratibu mpaka zinabaki pauni 5. Mantiki yake unaiona, ila angalia kilichotokea ndani ya hiyo mantiki, sababu zote nilizotaja pale juu, ukuta mwembamba, presha ndogo, urahisi, zote ni za pauni 5. Hakuna hata moja inayosema uwaweke watu masaa matano kwenye oksijeni ya pauni 16.7. Hiyo presha haikuchaguliwa kwa kupimwa faida na hatari zake, iliingia tu kama hatua ya kupitia kuelekea kwenye ile iliyochaguliwa. Mainjinia walibishana sana kuhusu hewa ya safarini, mwaka 1962 kampuni ya North American, iliyokuwa inatengeneza chombo cha Apollo, ikaja na wazo la mchanganyiko wa oksijeni na naitrojeni na NASA wakalikataa kwa hoja, ni mjadala halali ule. Hatari ya pedini haikupewa uzito kama huo.

Utetezi unaosikika zaidi ni kwamba Mercury sita na Gemini kumi zenye watu zilifanya hivyo hivyo pedini na hakuna kilichowaka. Ni kweli, na ndo tatizo lenyewe. Safari 16 bila moto haziwezi kukwambia moto ukitokea utakuwaje, zinakwambia tu kwamba cheche haikupatikana. Na Apollo ilikuwa chombo kikubwa zaidi, nyaya nyingi mno, mabomba ya kipozeo cha maji na glaikoli ambacho kilikuwa kinavuja mara kwa mara na kinachoacha mabaki yanayoweza kuwaka, na kama mita za mraba 3 za Velcro (vitambaa vya kunatana) zimebandikwa huku na huku kwa sababu wanaanga walizipenda kushikizia vitu, pamoja na nyavu za nailoni na sponji. Septemba 1966 Hilliard Paige wa General Electric alimwandikia barua Joe Shea, meneja wa NASA wa mradi wa chombo cha Apollo, kumtahadharisha hasa kuhusu moto ndani ya kabini. Shea akajibu Desemba, na jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba wanaamini wamejikinga vya kutosha moto usianze, ila ukianza basi wana matatizo. Lisome tena taratibu. Mkuu wa mradi anakubali kwa maandishi kwamba hakuna mpango wa pili. Mwezi uliofuata moto ukaanza.

Na ule mlango. Grissom mwenyewe mwaka 1961 mlango wa Mercury yake ulifyatuka kabla ya wakati baharini, chombo kikazama, akanusurika kufa maji. Kwenye Apollo kukawa na wazo la mlango wa kufyatuka kwenda nje, NASA wakaogopa usije ukafunguka bahati mbaya angani, wakachukua unaofunguka ndani, unaobanwa zaidi na presha ya kabini yenyewe. Kwa angani ni uamuzi mzuri kabisa. Kwa pedini, moto ukiwaka presha inapanda, na presha ikipanda hakuna binadamu mwenye nguvu ya kuuvuta ule mlango. Tena kosa ni lile lile, kitu kimepimwa kwa mazingira ya angani afu kikatumika ardhini bila kupimwa upya.

Tume ya uchunguzi chini ya Floyd Thompson ilitoa ripoti Aprili 1967 na haikuweza kuonyesha kwa uhakika ni waya upi ulioanzisha, ilisema tu ni shoti ya umeme ndo inayoelekea zaidi, upande wa kushoto chini karibu na kiti cha Grissom. Wengine wanalalamika kwamba chanzo hakikupatikana. Kwangu mimi hilo si la msingi hata kidogo, kwenye kabini ile cheche yoyote ingetosha, kutafuta waya mmoja ni kujisahaulisha kwamba kila waya ulikuwa mshtakiwa.

Angalia walichorekebisha, maana ndo ushahidi wangu mkubwa. Mlango mmoja mpya unaofunguka kwenda nje kwa sekunde chache. Suti zenye tabaka la nje la kitambaa cha Beta, faibaglasi iliyopakwa Teflon. Mabomba ya alumini ya oksijeni ya presha kubwa yakawa ya chuma cha pua. Matatizo ya nyaya 1,407 yakarekebishwa. Velcro ikapunguzwa na kutenganishwa. Afu wakatengeneza kabini ya mfano wakaiwasha moto makusudi mara nyingi, wakagundua kwamba hata na vifaa vipya vyote hivyo oksijeni tupu kwa presha ya pedini bado ni hatari. Wakaamua pedini iwe oksijeni asilimia 60 na naitrojeni 40, wanaanga wakiwa ndani ya suti zilizofungwa wanavuta oksijeni tupu, afu roketi ikipanda mchanganyiko unatolewa na oksijeni inachukua nafasi mpaka kabini inabaki na oksijeni ya pauni 5. Apollo 7 ikaruka hivyo Oktoba 1968, na zote zilizokwenda mwezini zikaruka hivyo.

Yaani angani hawakubadilisha. Oksijeni ya pauni 5 ilibaki ile ile mpaka mwisho, na haikuua mtu. Walichobadilisha ni masaa ya pedini, na suluhisho halikuhitaji roketi mpya wala chombo kipya wala miaka kumi, lilihitaji matanki ya naitrojeni yaliyosimama ardhini, ambako uzito si tatizo la mtu yeyote. Wanaosema hakukuwa na namna, namna ndo hiyo. Ingeweza kufanyika 1966.

Kuna mtu ataniuliza, je, vifaa vilivyobadilishwa havikuchangia zaidi ya hewa? Vilichangia, sana. Wakati Apollo 13 inarudi Aprili 1970, chombo kilizimwa siku kadhaa, unyevu ukajaa nyuma ya paneli matone kabisa, walipowasha umeme tena hakuna shoti iliyotokea, na sehemu ya sababu ni jinsi nyaya zilivyolindwa baada ya 1967. Lakini Apollo 13 hiyo hiyo iliharibika kwa sababu gani? Swichi za joto ndani ya tenki la oksijeni zilitengenezwa kwa volti 28, pale Cape zikapewa 65, zikagandana, joto likala gamba la Teflon la nyaya, afu angani cheche ikawasha ndani ya oksijeni ya presha kubwa. Jambo la ardhini tena, oksijeni tena. Walikuwa wameisafisha kabini na hawakuliangalia tenki kwa jicho lile lile.

Baadaye mambo yakasogea katikati. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973 ilibaki na pauni 5 ila naitrojeni ikaongezwa, oksijeni ikawa kama asilimia 70. Julai 1975 Apollo na Soyuz ya Warusi zilipokutana angani hewa zao hazikupatana kabisa, ikabidi kitengenezwe chumba cha kati cha kubadilishia presha, na Soyuz wakashusha ya kwao hadi kama pauni 10 ili watu wapite bila kukaa masaa wakitoa naitrojeni. Kamanda wa Soyuz alikuwa Leonov. Shuttle na kituo cha kimataifa cha ISS zikaja na hewa kama ya chini kabisa, pauni 14.7 na asilimia 21. Na hiyo nayo isikufanye ulale, Februari 1997 kwenye kituo cha Warusi cha Mir, hewa ya kawaida, kifaa cha kuzalisha oksijeni kwa kemikali kilishika moto watu sita wakiwa ndani, moshi ukajaa na moto ukaziba njia ya kwenda kwenye Soyuz moja kati ya mbili. Hewa ilikuwa salama, ila kifaa kilibeba oksijeni yake chenyewe.

Gharama ya hewa ya ISS ipo pia, mwanaanga anayetaka kutoka nje lazima atumie masaa kuandaa mwili wake, kwa sababu suti iko kwenye pauni 4.3. Kwa kituo ambacho watu wanatoka mara chache kwa mwaka inavumilika. Kwa watu watakaoishi mwezini na kutoka karibu kila siku haivumiliki, ndo maana NASA sasa wanapendekeza pauni 8.2 na oksijeni asilimia 34 kwa vyombo na makazi ya huko. Mimi nauunga mkono, kwa sababu mchango wa oksijeni kwenye mapafu ni karibu na wa kupanda mlima wa wastani na maandalizi ya kutoka yanapungua sana. Lakini asilimia 34 inawasha vitu ambavyo asilimia 21 haiwashi, kwa hiyo orodha nzima ya vifaa vilivyopita mtihani wa ISS haiwezi kuchukuliwa ikahamishwa hivi hivi. Kati ya 2016 na 2024 walikuwa wanawasha moto makusudi ndani ya vyombo vya mizigo vya Cygnus baada ya kuondoka kituoni, bila mtu ndani, kuona vitambaa na plastiki vinavyoungua kule juu. Hiyo ndo kazi iliyokosekana kabla ya 1967. Ninachotaka kuona zaidi ni vipimo vya hali za kupitia, kabini ikiwa inajazwa, ikiwa inapunguzwa, ikiwa imesimama pedini na watu ndani na mlango umefungwa, kwa namba zake halisi za presha na oksijeni za dakika ile, na jina la aliyekubali kila namba liwe limeandikwa pembeni yake.